Jeki ya giaboksi: Ununue, ukodi au muungane?

Na Mwandishi Maalumu

MKULIMA wa nyanya wa Ilula, wilayani Kilolo mkoani Iringa, hahitaji kufundishwa thamani ya muda. Nyanya ikishaiva haimsubiri mtu. Ikishapangwa kwenye matenga na kupakiwa garini, kila saa inayopita kabla ya kufika sokoni ni fedha inayopungua mfukoni. Ndiyo maana klachi ya gari inapokwisha katikati ya msimu, hasara haiishii kwenye bei ya klachi.

Makala haya yanazungumzia kifaa kimoja ambacho wenye pikapu, Kirikuu na Canter vijijini hukisahau hadi siku ya matatizo, nacho ni jeki ya kushushia giaboksi. Kubadilisha klachi hakuwezekani bila kuitoa giaboksi mahali pake, na giaboksi haitoki salama bila kifaa cha kuibeba. Swali ni je, mwenye gari moja au mawili ya kubebea mazao anunue jeki hiyo, akodi, au aungane na wenzake?

Yaliyotufika mwaka 2019

Swali hili sikulipata kwenye vitabu. Katika msimu wa mwaka 2019, kaka yangu, ambaye analima nyanya na kubeba za majirani kwa pikapu aina ya Toyota Hilux yenye gia za mkono, alipakia matenga 22 jioni ili alfajiri aianze safari ya Dar es Salaam. Hakufika hata barabara kuu. Klachi ilikuwa imeteleza kwa wiki kadhaa, kila anapopanda Kitonga akirudi tupu, naye alikuwa akisema ataishughulikia msimu ukiisha. Klachi haikusubiri msimu uishe.

Fundi aliitwa, akaja na spana zake na kijana wa kumsaidia, lakini jeki ya giaboksi hakuwa nayo. Gari lilipandishwa juu ya magogo na mawe. Fundi akalala chali, akafungua bolti zote, kisha yeye na kijana wakaipokea giaboksi kwa mikono na kifua, kama ilivyo desturi ya gereji nyingi za chini ya mti. Mafuta ya giaboksi yalikuwa hayajamwagwa. Yakatiririka mikononi, giaboksi ikateleza, na kijana akabanwa vidole kati ya chuma na jiwe. Ncha za vidole viwili hazikurudi tena.

Hasara haikuishia hapo. Siku ya kurudisha, giaboksi iliachwa ining'inie kwenye shafti yake huku fundi akitafuta mahali pa kushika vizuri. Klachi mpya ikapinda. Gari likawa linatetemeka kila linapoondoka, na baada ya siku nne giaboksi ikashushwa tena. Nyanya zilizokuwa zimepakiwa ziliuzwa palepale kijijini kwa bei ya kutupa.

Simlaumu fundi yule peke yake. Sisi wenye gari ndio tuliomharakisha, na ndisi tulioona kununua jeki ni anasa. Kaka yangu alinivuta pembeni akaniambia: "Mdogo wangu, wewe umesomea uchumi wa kilimo. Nipigie hesabu, hiyo jeki ingenilipa au isingenilipa?" Jibu nililompa ndilo ninalotaka kumpa msomaji leo.

Kazi mbili, vifaa vitatu

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kudhani jeki ni jeki. Kushusha giaboksi kuna kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kuliinua gari lenyewe, ambalo lina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Kazi ya pili ni kuishusha na kuipandisha giaboksi, ambayo kwa pikapu ya kawaida inayosukumwa na magurudumu ya nyuma huwa na uzito wa kati ya kilo 35 na 50. Pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, ikitolewa pamoja na giaboksi yake ndogo ya nyuma, huweza kupita kilo 80.

Hivyo jeki ya kuinulia gari inatakiwa iwe na nguvu, tani 2 au 3. Jeki ya giaboksi haihitaji tani hizo. Nyingi za aina hii hutengenezwa kubeba nusu tani, na hiyo inatosha na kubaki. Kinachotakiwa kwake ni utulivu, yaani isipinduke, ishuke polepole, na kichwa chake kiweze kuinama kuifuata injini ilivyokaa.

Kifaa cha tatu ni stendi za chuma za kulisimamishia gari. Jeki ya aina yoyote ni ya kuinulia tu, haikutengenezwa kushikilia gari wakati mtu yuko chini yake. Sili moja ikipasuka, mafuta hutoka na gari hushuka mara moja. Mawe, matofali na mabloku navyo si mbadala, kwani tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu anunue stendi kwanza, jeki ya giaboksi baadaye. Nasema hivyo nikijua makala haya ni ya jeki.

Aina zilizopo na kazi zake

Jeki ya skrubu inayokuja na gari ni ya kubadilishia gurudumu tu. Kichwa chake ni chembamba na haina uwezo wa kushikilia kitu cha mviringo kama giaboksi. Tuiache hapo.

Jeki ya chupa, ile fupi ya mafuta ambayo madereva wa malori huwa nayo, ina nguvu nyingi kwa bei ndogo. Lakini kichwa chake ni kidogo kama mdomo wa kikombe, haina magurudumu, na kitako chake ni chembamba. Ukiiweka giaboksi juu yake, umekiweka kichuguu juu ya kijiti. Inafaa kuinulia gari, au kushikilia nyuma ya injini ikiwa na ubao juu yake, wakati giaboksi imetoka. Haifai kuibeba giaboksi.

Jeki ya magurudumu, ambayo mafundi wengi huiita jeki ya troli, ndiyo inayopatikana kwenye gereji nyingi. Inaweza kushusha giaboksi ikiwekewa sahani maalumu juu ya kichwa chake. Sahani hiyo ina mabawa manne ya kushikia pembe za giaboksi, skrubu za kuinamisha mbele na nyuma, na mnyororo au mkanda wa kufungia. Huuzwa peke yake, kwa bei ndogo kuliko jeki nzima. Ina kasoro mbili za kujua. Kwanza, huongeza kimo cha jeki. Pili, mkono wa jeki ya troli hauinuki wima, bali huzunguka kama mkono wa mtu anayeinua ndoo, kwa hiyo kichwa husogea mbele au nyuma kadiri kinavyopanda au kushuka. Magurudumu yasipokuwa huru kutembea, giaboksi itavutwa pembeni na shafti yake itabana ndani ya klachi.

Jeki fupi ya giaboksi imetengenezwa kwa kazi hii tu. Ina kitako kipana chenye magurudumu manne, miguu inayokunjuka kama mkasi, na sahani yenye mkanda. Huinuka wima, huinama pande zote, na inafaa kwa gari lililosimamishwa juu ya stendi nyumbani. Kwa mtu asiye na shimo wala mashine ya kunyanyulia gari, hii ndiyo jeki yenyewe.

Jeki ndefu ya mguu mmoja hushangaza wengi dukani kwa sababu ni ndefu na inang'aa. Hiyo ni ya gereji yenye mashine ya kunyanyua gari juu ya kichwa cha fundi. Ikiwa imeshuka kabisa, nyingi huwa bado zimezidi mita moja, na haziingii chini ya gari lililo kwenye stendi. Nimemwona mfanyabiashara wa mbogamboga aliyeinunua kwa mbwembwe, na leo anaitumia kuegemezea mlango wa ghala.

Ipo pia njia ya kushusha kwa winchi ya mnyororo au kamba inayopitishwa kwenye tundu la fimbo ya gia, juu kukiwa na boriti iliyolala ndani ya kabini. Mafundi wa zamani wanaiweza na inasaidia kuzuia giaboksi isimwangukie mtu. Hata hivyo, haiwezi kuisogeza giaboksi mbele kwa unyoofu wakati wa kuirudisha. Ichukulie kama msaidizi wa jeki.

Pima kwa futi kabla ya kulipa

Ukienda dukani, iwe ni Gerezani jijini Dar es Salaam au duka la vipuri mjini Iringa, nenda na futi ya kupimia na vipimo vya gari lako. Mambo matano yafuatayo ndiyo ya kuangalia.

La kwanza ni kimo cha chini kabisa. Jeki fupi nyingi zikishuka mwisho hubaki na kimo cha sentimita 20 hivi. Mdomo mpana wa giaboksi, ule unaokaa kwenye injini, kwa pikapu nyingi una upana wa sentimita 35 hadi 40. Ukijumlisha, unahitaji nafasi ya sentimita 55 hadi 60 kutoka ardhini hadi ukingo wa gari ili giaboksi itoke ikiwa juu ya jeki. Stendi nyingi za tani 3 huishia sentimita 40 na ushei, wakati za tani 6 hufika karibu 60. Usipokuwa na stendi ndefu, itabidi ishushwe hadi chini, itelezeshwe kutoka kwenye jeki kwenda kwenye ubao, jeki itolewe kwanza, ndipo giaboksi iburutwe. Inawezekana, ila panga mapema badala ya kuligundua hilo giaboksi ikiwa angani.

La pili ni kimo cha juu. Gari likiwa juu ya stendi, pima kutoka ardhini hadi tumbo la giaboksi. Jeki lazima ifike hapo na kubakiwa na sentimita kadhaa, la sivyo utaanza kupanga mbao juu yake na utulivu wote utapotea.

La tatu ni sahani na kuinama kwake. Injini ya gari la magurudumu ya nyuma haikai sawasawa, mkia wa giaboksi huwa umeshuka kidogo, na ukifungua chuma kinachoshikilia mkia huo hushuka zaidi. Sahani isiyoinama itakufanya ulazimishe. Hakikisha skrubu za kuinamishia zinazunguka kwa mkono, na kwamba kuna mkanda au mnyororo wa kufungia. Jeki isiyo na mkanda usiinunue.

La nne ni vali ya kushushia. Ifungue taratibu dukani ukiwa umemsimamisha mtu juu ya sahani huku ameshikwa mkono. Jeki nzuri hushuka kidogo kidogo kama unavyotaka. Jeki mbaya hukaa kimya, halafu hudondoka kwa mkupuo.

La tano ni maandishi ya uwezo. Jeki nyingi zinazotoka nje huandikwa kwa ratili, kwa alama ya LB. Ratili 1,000 si kilo 1,000, bali ni kilo 454 hivi. Bado zinatosha kwa giaboksi ya pikapu, lakini usimlipe muuzaji bei ya tani moja kwa jeki ya nusu tani.

Anayenunua jeki iliyotumika aongeze jaribio moja. Weka mzigo juu yake, pandisha hadi nusu, chora alama kwa chaki, kisha nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya dakika 15 ukaikuta imeshuka, sili zimechoka. Sili hubadilishwa, hivyo si lazima uiache, bali shusha bei. Angalia pia kama kuna mahali palipochomelewa upya. Hapo usishushe bei, ondoka.

Magurudumu na udongo

Jambo ambalo vijitabu vya jeki hizi havilisemi, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya watu wenye sakafu, ni kwamba magurudumu madogo ya chuma hayatembei juu ya udongo. Yanazama. Ukiisukuma, jeki inabaki na giaboksi inaendelea na safari.

Suluhisho rahisi ni kipande cha mbao pana, nzito, kisichopinda, chenye ukubwa wa kutosha jeki itembee hatua mbili mbele na nyuma. Stendi nazo ziwekewe vipande vya mbao ngumu chini yake ili zisizame. Suluhisho la kudumu ni kumwaga zege. Eneo la mita 3 kwa 4 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 1.2. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, litahitaji takriban mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Liache likomae na limwagiwe maji. Nguvu yake inayokusudiwa huipata kwa siku 28.

Najua wapo watakaosema zege hilo lifanye kazi mbili, gereji leo na uwanja wa kuanikia mahindi kesho. Msifanye hivyo. Mafuta ya giaboksi huingia kwenye vinyweleo vya zege, na kitu kinachoanikwa juu yake ni chakula cha watu.

Hesabu niliyompigia kaka

Sasa tuingie kwenye fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano ili kuonyesha njia. Kila mmoja aweke bei za eneo lake.

Tuchukulie jeki fupi ya giaboksi inauzwa Sh480,000, na sahani ya kuweka juu ya jeki ya troli inauzwa Sh120,000. Tuchukulie klachi ya gari lako hubadilishwa mara moja kila miaka miwili. Ukiifanya kazi hiyo nyumbani na dereva wako anayejua kazi, unaokoa Sh60,000 za ufundi. Pia, kwa kuwa humsubiri fundi mwenye jeki atoke mjini, unaokoa siku mbili za gari kusimama, kila siku Sh40,000 ya faida. Jumla unaokoa Sh140,000 kila baada ya miaka miwili, yaani Sh70,000 kwa mwaka.

Kwa mtu mmoja mwenye gari moja, jeki ya Sh480,000 itarudisha fedha yake baada ya karibu miaka saba. Hiyo ni biashara mbaya. Fedha hiyo ingefanya kazi zaidi ikiwa ni mbolea au mbegu. Sahani ya Sh120,000, kwa ambaye tayari ana jeki ya troli, itarudisha fedha yake ndani ya mwaka mmoja na miezi tisa hivi. Hiyo inaeleweka.

Sasa wachukue wenye magari wanane wa kijiji kimoja. Kila gari likibadilishwa klachi mara moja kwa miaka miwili, ni kazi nne kwa mwaka. Nne mara Sh140,000 ni Sh560,000. Ondoa Sh60,000 za sili, mafuta na mkanda mpya, inabaki Sh500,000. Jeki ya Sh480,000 imejilipa ndani ya mwaka mmoja, na kila mmoja alichangia Sh60,000 tu, ambayo ni sawa na alichokuwa akimlipa fundi kwa kazi moja.

Kilichobadilika ni idadi ya siku inazofanya kazi. Jeki yenyewe ni ileile. Ndivyo ilivyo kwa trekta, mashine ya kukoboa na pampu ya maji. Chombo cha mtaji kinachokaa kona ya nyumba ni deni, hata kama ulikilipia taslimu.

Hesabu hii ina mipaka yake na ni vema niiseme. Ikiwa gari hukaa wiki nzima likisubiri klachi itoke mjini, jeki haitaziokoa siku hizo. Na ikiwa kijijini hakuna mtu anayejua kweli kazi ya giaboksi, jeki si mbadala wa ufundi. Katika hali hiyo njia bora ni kikundi kuwa na jeki na kumwita fundi aje aitumie. Fundi wa chini ya mti akipata jeki na stendi, anafanya kazi kwa muda mfupi zaidi, na vidole vya msaidizi wake vinabaki salama.

Kuungana bila ugomvi

Vyombo vya pamoja vimewahi kuvunja undugu wa watu wengi. Ushauri wangu ni masharti machache yaandikwe kwenye daftari kabla ya kununua. Awepo mtunzaji mmoja. Kila anayeitumia alipe ada ndogo, hata kama ni mwanachama, na ada hiyo iwekwe akiba ya matengenezo. Asiye mwanachama akodishwe kwa bei ya juu kidogo. Anayeirudisha jeki aijaribu mbele ya mtunzaji, na ikiwa inavuja ijulikane siku hiyohiyo. Jeki isitolewe bila stendi zake, kwa maneno mengine vifaa hivi viende pamoja kama jembe na mpini.

Utunzaji ni rahisi. Ihifadhiwe ikiwa imeshushwa kabisa, mahali pakavu. Mafuta yakipungua, ongeza mafuta ya jeki yenyewe. Usithubutu kuweka mafuta ya breki, maana huharibu sili za jeki zikavimba na kulainika.

Siku ya kazi

Sitaandika hatua zote za kufungua giaboksi, hizo ni za fundi na hutofautiana gari kwa gari. Lakini yapo mambo yanayohusu jeki moja kwa moja.

Egesha gari mahali tambarare na weka vizuizi vya mbao kwenye magurudumu yatakayobaki chini. Usitegemee gia kulishikilia gari, kwa sababu ukishatoa shafti ndefu ya kwenda nyuma, gia haina kazi tena. Wenye Canter wazingatie zaidi, kwani breki yake ya mkono iko nyuma ya giaboksi yenyewe; shafti ikitoka, breki hiyo imetoka nayo. Tenganisha betri kabla ya kugusa nyaya za stata. Mwaga mafuta ya giaboksi kwanza, uyakinge kwenye ndoo. Laiti tungefanya hivyo mwaka 2019.

Gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa mkono. Likitikisika, lishushe uanze upya. Shikilia nyuma ya injini kwa jeki ya chupa na ubao kabla hujafungua chuma kinachobeba mkia wa giaboksi, maana injini nayo itataka kuanguka nyuma. Kwa magari ya magurudumu ya mbele, kama Probox, injini hushikiliwa kwa boriti kutoka juu.

Weka jeki chini ya giaboksi mahali inapopata urari, ambapo kwa kawaida ni karibu zaidi na upande wa injini kuliko mkiani. Funga mkanda kabla ya kufungua bolti ya mwisho. Irudishe nyuma kwa unyoofu hadi shafti iachie klachi kabisa, ndipo uishushe. Wakati wa kurudisha, sentia klachi kwa kijiti chake, pandisha giaboksi, na uinamishe sahani hadi nafasi kati yake na injini ilingane juu, chini na pembeni. Ikigoma kuingia, usiivute kwa bolti. Tafuta imekosea wapi. Na usiache hata kwa dakika moja uzito wake ubebwe na shafti iliyo ndani ya klachi. Jeki ndiyo ibebe hadi bolti za kutosha zishike.

Jibu la mwisho

Baada ya hesabu ile, kaka hakununua jeki yake peke yake. Aliwaita wenzake saba wenye magari, wakachanga, na sasa kikundi kina jeki fupi moja na stendi nne za tani 6. Kijana aliyeumia vidole ndiye mtunzaji wake. Yeye ndiye aliyeandika sharti la kwanza kwenye daftari, kwamba jeki haitoki bila stendi, na hamruhusu mtu kulivunja, awe mwanachama au kaka yangu mwenyewe.

Kwa mwenye gari moja, nunua stendi na sahani ya jeki ya troli, au kodi. Kwa wenye magari sita na kuendelea, unganeni. Na klachi ikianza kuteleza mlimani, ishughulikieni kabla ya mavuno, wakati bado mna muda wa kuchagua.